Ndoa, dini, picha, namba ya kitambulisho: kipi kibaki kwenye CV na kipi kitoke?

"Dada shikamoo. Mi ni mhasibu, nina uzoefu wa miaka nane, nikakaa nyumbani miaka miwili kulea watoto na sasa natafuta kazi tena. CV yangu alinitengenezea kaka kwa kufuata ya kwake. Juu kabisa kuna picha, jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, idadi ya watoto, dini, kabila, uraia, namba ya kitambulisho, urefu na hali ya afya, ndo inakuja elimu kuanzia shule ya msingi, na mwisho nimeweka sahihi kwamba yote ni kweli. Nimetuma sehemu nyingi sana nimeitwa mara moja tu. Rafiki yangu ameiona akashtuka, anasema nifute vyote nibakize jina na simu. Kaka anasema nikifuta nitaonekana naficha kitu na nitatupwa nje. Nani yuko sahihi? Halafu juzi kuna mtu kanipigia, anasema CV yangu imepita nitume hela ya kushughulikia faili. Sijatuma, ila kajuaje tarehe yangu ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho maana ndo linalowaka: hela usitume hata kidogo, na huyo mtu akipiga tena usibishane naye wala usimthibitishie chochote, kata simu. Kajuaje? Kasoma kwenye CV yako. Iwe ulimtumia mwenyewe ukidhani ni mwajiri au ameipata kwa mtu uliyemtumia, alichokishika ni karatasi yenye jina lako kamili, siku uliyozaliwa, namba ya kitambulisho, simu, sura yako na sahihi yako, vyote kwa pamoja, na mtu anayetaka kujifanya wewe hahitaji mengi zaidi ya hayo. Nitalirudia hili huko chini kwa sababu kuna vitu vya kufanya wiki hii.

Sasa kaka na rafiki. Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila "futa vyote" ni amri isiyo na maelezo, na ukifuta bila kuelewa kwa nini unafuta basi siku tangazo la kazi likikuomba kitu ulichofuta utarudi pale pale kwenye wasiwasi. Kaka yako naye ana hoja moja ya kweli, kwamba wapo waajiri wanaotaka baadhi ya hivyo vitu. Alipokosea ni kwenye neno kuficha, na naona ndo neno lililokukaa kichwani.

Kuficha ni umeulizwa kitu ambacho muulizaji ana haki ya kukijua ukamdanganya, au kazi inadai sifa fulani kisheria na wewe unajua huna ukanyamaza. Mtu aliyenyang'anywa leseni ya taaluma yake akaomba kazi inayohitaji leseni hiyo kama vile hakuna kilichotokea, huyo anaficha. Wewe usipoandika kwamba una watoto wawili hujaficha kitu, hakuna aliyekuuliza na hiyo kazi ya kufunga hesabu za mwezi haihusiani na watoto wako. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nimesoma CV kwa marobota, na sikumbuki hata siku moja nimeishika CV nikasema huyu hajaandika dini yake kuna kitu anaficha. Hilo wazo halinijii kabisa, macho yangu yanatafuta kitu kingine.

Na kitu gani hicho? Hapa ndo pa kuelewa halafu mengine yote utayaamua mwenyewe. Kila taarifa yako ina wakati wake. Safari ya ajira ina vituo: kuna CV, kuna intavyuu, kuna ofa, kuna kusaini mkataba na kuingizwa kwenye mishahara. CV kazi yake ni moja tu, kumfanya mtu asiyekujua aone kwamba inafaa akuite. Basi. Namba ya kitambulisho, namba ya mlipa kodi, akaunti ya benki, jina la mwenzi wako, watoto kwa ajili ya bima ya afya, ndugu wa karibu wa kupigiwa ukipata dharura, hivyo vyote mwajiri anavihitaji kweli, kaka yako hajakosea, ila anavihitaji baada ya kukuchagua. Ukivipeleka siku ya kwanza umevipeleka kwa watu ishirini au hamsini ambao karibu wote hawatakuajiri kamwe, na hujui faili linakaa kwenye kompyuta ya nani.

Angalia pia vimekaa wapi. Nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndo sehemu pekee ambayo una uhakika itasomwa. Anayechuja hasomi kama anasoma barua ya mchumba, anapitisha macho, ana rundo, anatafuta cheo cha mwisho, miaka, vyeti, programu za uhasibu unazozijua. Kwako wewe anakutana na mistari kumi na kitu inayomweleza urefu wako na idadi ya watoto kabla hajajua kwamba wewe ni mhasibu! Huo uzoefu wa miaka nane ambao ndo mali yako umeuweka nyuma ya pazia. Na kama kampuni inatumia programu ya kuchuja basi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hizo programu zinachofanya ni kuyatoa maneno kwenye faili na kuyagawa kwenye visanduku, jina hapa, simu hapa, kazi alizofanya hapa, halafu mwajiri anatafuta kwa maneno. Picha kwa programu haisemi chochote. Jedwali zuri lenye mistari, na maandishi yaliyowekwa kwenye ukanda wa juu kabisa au wa chini kabisa wa ukurasa, baadhi ya programu zinayavuruga au kuyaruka, kwa hiyo mtu ameweka namba yake ya simu kule juu pazuri kumbe imedondoka njiani. Weka vitu kama maandishi ya kawaida tu.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya hiyo ya nafasi, nayo inahusu jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi akiwa na haraka. Akipewa taarifa chache anajazia zilizobaki kwa mazoea yake. Hafanyi kwa ubaya, mara nyingi hata hajui kama anafanya. Mwaka 2004 watafiti wawili Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitoa utafiti ambao walituma CV za kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, sifa zinalingana ila majina wakayabadilisha, mengine yanasikika ya Wazungu kama Emily na Greg, mengine yanasikika ya Wamarekani Weusi kama Lakisha na Jamal. Yale ya Kizungu yaliitwa kama asilimia 50 zaidi. Jina tu hilo, bado hujaandika kabila.

Na mwingine unakuhusu wewe kabisa. Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake walitoa utafiti kuhusu akina mama wanaotafuta kazi. Nao walituma CV kwa waajiri, wanawake wawili sifa sawasawa, mmoja kwenye CV yake kuna dalili ndogo kwamba ni mzazi, mfano ameandika ni mratibu kwenye umoja wa wazazi na walimu. Hakuandika "nina watoto wawili", ni kamstari kamoja tu ka kujitolea. Wale wasiokuwa na hiyo dalili waliitwa zaidi ya mara mbili ya wale akina mama. Kwa wanaume dalili hiyo hiyo ya kuwa baba haikuwapunguzia chochote. Ndo maana nasema CV ya kaka yako ikimfaa yeye haina maana itakufaa wewe, hiyo "ameoa, watoto watatu" kwake msomaji anaona mtu aliyetulia, kwako msomaji huyo huyo anaanza kuwaza nani atabaki na mtoto akiumwa. Si haki, na inaniuma kuliandika hili, lakini wewe unatafuta kazi sasa hivi na sio baada ya dunia kubadilika, kwa hiyo usimpe mtu kitu cha kukuhukumia kabla hajaona unachoweza.

Sasa tuipitie yako. Jina libaki, na liwe lile lililoko kwenye vyeti. Najua baada ya nilichosema kuhusu majina mtu anaweza kushawishika kulifupisha au kutumia lingine, wapo wanaofanya hivyo na siwalaumu, lakini mimi naona hasara yake inakuja baadaye pale majina yanapogongana kwenye vyeti, benki na mkataba ukaanza kuapa huku na huko. Kama uliolewa ukabadili jina na vyeti vina la zamani, andika la sasa na la zamani pembeni yake kwenye mstari wa elimu, inatosha.

Simu moja inayopatikana na barua pepe. Hapa kwenye barua pepe nikushike mkono kidogo, maana uliyoniandikia inaanza na neno mama, ikafuata jina ambalo nahisi ni la mtoto wako, mwisho kuna 89. Yaani hata ukifuta tarehe ya kuzaliwa, ndoa na watoto, hiyo anwani inavirudisha vyote vitatu. Fungua nyingine yenye majina yako mawili tu bila mwaka, ni dakika tano. Hili nimeliona kwa watu wengi sana, wanasafisha CV wanasahau barua pepe.

Mahali unapoishi andika mji na nchi, au eneo kwa ujumla, ili mwajiri ajue uko mbali au karibu. Namba ya nyumba na mtaa ni ya zamani enzi majibu yalikuja kwa posta, leo hakuna anayekuandikia barua, na hutaki mtu usiyemjua awe na jina lako, picha yako na mlango wako.

Tarehe ya kuzaliwa iondoe, isipokuwa tangazo limetaja ukomo wa umri, kama zilivyo baadhi ya nafasi za serikali, majeshi na skolashipu, hapo iweke kwa sababu ndo sifa inayopimwa. Ila ujue umri unavuja kwa njia nyingine, na CV yako inavuja kupitia elimu. Shule ya msingi na mwaka uliomaliza havimsaidii mtu anayetafuta mhasibu mwenye shahada, vinamsaidia kupiga hesabu ya umri wako tu. Anza na cha juu kabisa, shahada au cheti cha taaluma, rudi nyuma hatua moja, simama. Kama una kazi za zamani sana zisizohusiana pia acha, hakuna sheria inayosema CV lazima ieleze maisha yako yote.

Jinsia, ndoa, watoto, dini, kabila, urefu: vyote vitoke. Vina sababu ya kubaki pale tu kazi yenyewe inavidai. Taasisi ya dini inayotafuta kiongozi wa ibada ina haki ya kujua imani yako, nyumba ya kuhifadhi wanawake waliopigwa inaweza kutaka mhudumu mwanamke, kazi za ndani ya ndege mara nyingi zina kipimo cha kufikia kabati la juu. Uhasibu hauna kati ya hayo.

Uraia unahitaji kufikiri kidogo. Ukiomba ndani ya nchi yako kwa mwajiri wa kawaida hauongezi kitu. Ukiomba nje, au wewe ni mgeni unapoishi, swali la kweli la mwajiri linakuwa kama unaruhusiwa kufanya kazi hapo bila yeye kuhangaika, basi jibu hilo swali moja kwa moja kwa mstari mmoja, "nina kibali cha kufanya kazi" na kinaisha lini. Namba ya pasi haiingii kamwe.

Hali ya afya, "nzuri". Sijawahi kuona CV imeandika mbaya, kwa hiyo huo mstari haumwambii mtu chochote. Na nchi nyingine swali lenyewe limefungiwa mlango: Uingereza sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri, isipokuwa kwa mambo machache, kuuliza afya yako kabla hajakupa ofa, na Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 inafanana na hiyo. Kwa mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu anayesoma hapa, huna deni la kueleza kwenye CV. Ukihitaji marekebisho ili ufanye intavyuu, mfano njia isiyo na ngazi au mkalimani wa lugha ya alama, sema ukishaitwa, kwa kutaja unachohitaji, huna haja ya kusimulia historia ya matibabu.

Picha ndo ina ubishi mkubwa na nitakuwa mkweli, jibu linategemea unatuma wapi. Marekani na Uingereza usiweke, watu wa ajira kule wengi hawaitaki maana inawaweka kwenye hatari ya kushtakiwa kwamba wamechagua kwa rangi au umri. Ujerumani picha ilikuwa ni sehemu ya CV kabisa, tangu sheria yao ya kupinga ubaguzi ya mwaka 2006 mwajiri hana tena msingi wa kukulazimisha, lakini waombaji wengi bado wanaiweka kwa mazoea. Japan fomu ya kawaida ya wasifu ina kisanduku cha picha mpaka leo, ila hata wao mwaka 2021 wizara ya kazi ilitoa fomu ya mfano iliyoondoa sehemu ya mwenzi na idadi ya wategemezi, na jinsia ukaachiwa uamue kuijaza au la. Nimekupa hiyo mifano uone kwamba hata nchi zilizokuwa zinataka kila kitu zinapunguza. Kwa hiyo mimi ningesema hivi: tangazo halijaomba picha, usiweke. Limeomba na kazi unaitaka, weka ya kawaida, uso mbele, nguo za kazini, na uamue ukijua unachotoa. Hilo la "limeomba" linatumika kwa tarehe ya kuzaliwa pia, sikwambii ukatae halafu ukose kazi kwa msimamo. Ila CV ya msingi iwe bila, unaongeza pale unapoombwa, tena kwenye tangazo lenye jina la kampuni na anwani unayoweza kuihakiki.

Namba ya kitambulisho na sahihi, hapa sina kulegeza. Vitoke leo. Mtu mwenye jina kamili, tarehe, namba na sahihi anaweza kujaribu kusajili laini ya simu kwa jina lako, kuchukua mkopo, kufungua akaunti, au kutengeneza barua inayoonekana umeisaini wewe. Hicho kiapo cha mwisho kwamba yote ni kweli hakimfungi mwajiri kwa lolote wala hakikulindi wewe, ukweli wako utahakikiwa kwenye vyeti.

Kuna watu wengine ambao siri zao zimo kwenye CV yako na huenda hujawafikiria, wadhamini. Umeweka majina matatu na namba zao za simu na nyumbani kwao, na CV hiyo imeenda sehemu nyingi kiasi hicho. Hao hao matapeli sasa wana namba ya bosi wako wa zamani. Toa, andika watapatikana ukihitaji au usiandike kabisa, mwajiri akifika hatua hiyo atakuomba, na wewe utapata nafasi ya kuwapigia kwanza uwaambie kuna mtu atawatafuta, jambo ambalo pia linafanya wakuongelee vizuri zaidi.

Mambo unayopenda unaweza kuacha mstari mmoja kama una nafasi, ila kumbuka ule mstari wa umoja wa wazazi. Kwaya ya kanisani, vijana wa msikitini, tawi la chama cha siasa, vyote hivi ni dini na siasa zimevaa nguo nyingine. Kama ulikuwa mweka hazina wa kikundi ukasimamia hela za watu, hiyo ni kazi ya uhasibu kabisa na sitaki uitupe, iandike kama mweka hazina wa kikundi cha kijamii chenye wanachama kadhaa, ukasema ulifanya nini na vitabu.

Nimeiacha ile miaka miwili makusudi kwa sababu ndo ngumu. Ukisema usitaje watoto, pengo linabaki linaulizwa. Ukilieleza, watoto wanarudi. Njia ziko tatu hivi na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kuandika miaka tu bila miezi, hapo pengo linapungua kwa macho, lakini miaka miwili mizima haijifichi. Unaweza kuacha wazi, na msomaji atajazia mwenyewe, na anachojazia mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli, atawaza ulifukuzwa. Au unaweka mstari mmoja, "Mapumziko ya kazi" na miaka yake, chini yake kitu kimoja au viwili ulivyofanya vinavyohusu kazi, kozi, hesabu ulizomsaidia mtu, mabadiliko ya kodi uliyojisomea. Mimi nachagua huu wa tatu bila kusita. Sababu ya mapumziko huna haja ya kuiandika. Siku hizi ni jambo la kawaida, hata LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, mwaka 2022 waliongeza sehemu rasmi ya mtu kuweka mapumziko ya kazi kwenye profaili. Na kama hukufanya kozi yoyote ulilea tu, usitunge, weka mstari wenyewe peke yake halafu anza kozi fupi mwezi huu uwe na cha kuongeza.

Tarehe za kazi zenyewe usizichezee kabisa. Kuacha kitu ni haki yako, kubadilisha tarehe ni uongo, na uongo huo unaweza kukutoa kazini hata baada ya kuajiriwa.

Watakuuliza kwenye intavyuu, umeolewa, una watoto, utazaa tena. Inatokea hata pale sheria isiporuhusu. Usigombane na usijieleze sana, jibu wasiwasi ulioko nyuma ya swali: "kama ni kuhusu muda wa kazi na safari, nafasi hii nimeisoma na naweza kuifanya, kule nilikotoka nilikuwa nafunga hesabu mwisho wa mwezi bila kuchelewa." Halafu kaa kimya, mwache aendelee. Wengi wanaendelea.

Kabla hujatuma angalia na faili lenyewe. Jina la faili liwe jina lako na neno CV, sio "cv mpya ya mwisho kabisa 3". Tuma PDF, kwa sababu faili la kuandikia linaweza kubaki na masahihisho ya zamani, mtu akibonyeza anaona ulichofuta. Fungua sehemu ya taarifa za faili uone mwandishi ameandikwa nani, maana kama ulianzia kwenye ya kaka yako inawezekana jina lake bado liko humo. Na profaili zako za mtandaoni, mwajiri atazitafuta, kwa hiyo ulichotoa kwenye CV kisiwe kinamsubiri kule wazi kwa kila mtu.

Turudi kwa yule mpigaji. Andika orodha ya kila ulipotuma hiyo CV ya zamani, unavyokumbuka. Matangazo ambayo hayakuwa na jina la kampuni weka alama, huko ndo pa kushuku. Nenda kwa kampuni ya simu uulize laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, zisizo zako zifungwe. Benki waambie taarifa zako zimevuja. Kwa waajiri halisi unaweza kuwaandikia kwa adabu wafute faili lako la zamani, Ulaya hiyo ni haki ya kisheria chini ya kanuni zao za data zilizoanza kutumika Mei 2018, na nchi nyingi zimetunga sheria zake, Kenya mwaka 2019, Tanzania 2022. Kuhusu hela ya kushughulikia faili, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi, ukiacha vighairi vichache, na mwajiri wa kweli gharama za kuajiri ni zake. Anayekuomba utume kwa simu kabla hujaona hata ofisi, huyo sio mwajiri.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, itabidi ukae na mtu uso kwa uso. Ukikuta laini au mkopo usioujua kwa jina lako, nenda polisi mara moja uandikishe, bila hiyo karatasi ni vigumu kujitetea baadaye. Ukinyimwa kazi kwa sababu waliyoitamka wazi, mimba, dini, ulemavu, nenda kwa afisa kazi, chama cha wafanyakazi au mwanasheria ukiwa na tarehe na maneno yaliyosemwa, na usikae nayo kwa sababu madai ya kazi huwa yana muda wa kufungua. Mwenye kosa la jinai la nyuma asiamue kwa kukisia nini cha kusema, sheria zinatofautiana sana kuhusu makosa gani unalazimika kutaja. Na kama kuna mtu unamkimbia, mume wa zamani au yeyote anayekutishia, mwambie mshauri wa kituo cha msaada kabla hujatuma CV yoyote, hapo hata mji na mahali pa kazi ya sasa vinaweza kuhitaji kuachwa.

Juu ya CV yako mpya basi kuna jina, chini yake "Mhasibu, uzoefu wa miaka 8", mji, simu, barua pepe mpya, halafu sentensi mbili au tatu za ulichosimamia: ukubwa wa vitabu, programu gani, kaguzi ngapi ulipita. Halafu kazi. Unaweza kuimaliza jioni moja watoto wakilala. Ile ya kaka usiifute, itoe kwenye simu uihifadhi mahali pako salama nyumbani, maana siku ya kusaini mkataba watakupa fomu inayouliza karibu vyote vilivyomo, na utakuwa unanakili tu.